Kurasa za 199 Hadi 202 Zimerudi Kanyenye

Jumapili jioni. Mvua ya kwanza ya msimu imepiga tangu mchana, vumbi lote la Kanyenye limelala, na majirani wanaishukuru. Mimi sikuishukuru mpaka alasiri ilipokaribia kwisha. Sababu nitaieleza.

Nimekuwa na hasira tangu Alhamisi, imeisha leo. Fahari niliyonayo ndiyo haijaisha. Ngoja nianze na hiyo.

Kwa wanaofungua ukurasa huu kwa mara ya kwanza: mimi ni fundi fremu. Natia vioo na mbao kwenye picha za harusi, za mahafali, aya za Kurani, na sura za wagombea kila uchaguzi unapokaribia. Shule niliishia darasa la saba. Kazi nimejifundisha mwenyewe, kwa kuvunja vioo vya watu na kuvilipa, na nyumba ninayokaa niliikuta haina nusu ya paa. Leo ina paa lote na ina ua unaotosha watu mia. Hakuna aliyenishika mkono.

Na nakusanya magazeti ya picha ya Ulaya ya karne ya kumi na tisa, yale yaliyochapisha habari za huku kwetu: Unyanyembe, Ujiji, Tabora yenyewe, na njia nzima ya misafara kutoka pwani. Mpaka leo ninayo matoleo sitini na matatu. Arobaini na moja ni kamili, ishirini na mawili yana pengo. Kuna ya Kijerumani, ya Kiingereza, ya Kifaransa, na ya wamisionari, ambayo karatasi yake ni mbovu kuliko zote. Sijamsikia mtu mwingine kati ya Dodoma na Kigoma aliye nayo hata matano. Kama yupo ajitokeze, tushindane kwa heshima.

Nilianza kwa fremu. Mkulima mmoja wa tumbaku wa Goweko aliniletea picha ya babu yake, kioo kimepasuka. Mafundi wa zamani walikuwa wanajaza karatasi yoyote kati ya picha na ubao wa nyuma ili picha isicheze. Nilipong'oa misumari, karatasi ya kujazia ilikuwa ukurasa wa gazeti la Kijerumani, una nyumba za tembe zenye paa bapa, na chini yake, kwa zile herufi zao zenye miiba, neno moja tu nililoweza kulisoma. Tabora.

Mwenye picha akasema nitupe. Nikamuuliza mara mbili kama ana hakika, akaniona nina wazimu.

Herufi zenye miiba sasa nazisoma kama ninavyosoma bili ya umeme. Kifaransa nakisoma kwa kamusi na kwa simu, polepole, lakini nafika. Wauzaji wa Ulaya niliwatafuta mwenyewe, na wengi walinijibu kama mtu anayemjibu mtoto. Mmoja aliniuliza kama Tabora kuna posta.

Picha za magazeti yale hazikupigwa kwa kamera. Msafiri alichora au alisimulia tu, kisha fundi wa kule akachonga kwenye ubao mgumu, ubao ukapakwa wino. Fundi mwenyewe mara nyingi hakuwahi kwenda mbali kuliko sokoni kwao. Ndiyo maana ninayo Tabora moja yenye milima mirefu nyuma, na nyingine yenye minazi. Minazi, Tabora! Makosa hayo nayapenda kuliko picha zilizo sahihi.

Mchwa namjua namna ya kupigana naye. Adui anayenishinda ni mkasi. Wauzaji wanajua picha kubwa ikikatwa na kupakwa rangi inanunuliwa haraka na watu wa kupamba sebule, basi wanakata. Gazeti linabaki kama samaki aliyetolewa minofu.

Toleo ninaloandika habari zake leo ni la Kifaransa, la kila wiki, kurasa kumi na sita. Namba za kurasa hazirudi kwenye moja kila toleo, zinaendelea. Kwa hiyo toleo la kumi na tatu linaanza ukurasa wa 193, linaishia 208. Katikati, 200 na 201, kuna picha moja iliyotandazwa kurasa mbili: msafara unaingia Unyanyembe. Karatasi hiyo ya katikati ikikatwa zinaondoka kurasa nne kwa mpigo, 199 hadi 202.

Nimelinunua toleo hili mara mbili. Mara zote mbili, kutoka 198 linaruka hadi 203. Muuzaji wa pili aliniandikia kwamba liko kamili kama lilivyochapwa. Nikamrudishia hesabu ya darasa la pili, mstari kwa mstari. Akarudisha nusu ya fedha na hajaniandikia tena.

Miaka kumi na moja nimetafuta kurasa nne.

Jumatatu posta wakanipigia simu: nakala ya tatu niliyoagiza imefika. Nikalifungua palepale dukani, mlango nimeurudishia. 197. 198. Nikafumba macho nikageuza.

199.

Karatasi ya katikati imekaa, uzi wake wa zamani umeishika, haijapita mkasi wala brashi ya rangi. Nimewahesabu watu wote wa picha ile: hamsini na saba. Kirangozi, kiongozi wa msafara, yuko mbele na manyoya yake kichwani. Nyuma yake wabeba pembe, wabeba majora ya vitambaa, mwanamke mwenye sufuria kichwani na mtoto mgongoni, mbuzi watatu, na mmoja kando ya njia aliyebwaga mzigo akalala. Nililia. Kisha nikanawa uso nikaenda kukata kioo cha mteja.

Kaka yangu Rajabu alipita akaniona na macho mekundu. Nilipomweleza akasema, "Tatu, mtu akililia gazeti, basi angalau liwe limetangaza ajira."

Nimemzoea. Magazeti yangu ameyaita makaratasi tangu siku ya kwanza.

Sasa, kwa nini huwa nayafungia. Nimeshaumwa. Ofisi moja, jina silitaji, iliwahi kuazima kwangu matoleo mawili kwa ajili ya maonyesho. Moja lilirudi na matundu manne ya pini. Na kwenye kibao cha maelezo waliandika kwamba yameletwa kwa hisani ya wadau. Mdau! Mimi ninayejua kila tundu la mchwa kwenye karatasi zile. Tangu siku hiyo kabati lina kufuli mbili, na funguo zinalala kwenye pindo la khanga yangu. Wanaokuja kuomba kuona nawaambia kabati limeharibika kitasa.

Jumanne alfajiri Baba mkubwa Maulidi akafariki. Mzee wa reli, amekula chumvi nyingi, hakuumwa muda mrefu. Msiba ukawekwa kwangu kwa sababu ya ua. Toleo jipya lilikuwa bado juu ya meza chumbani, nimelifunga kwa khanga kuukuu. Hivyo ndivyo ninavyoyafunga yote: khanga iliyofuliwa miaka mingi haina tena wanga wala rangi ya kuchuja, na kwa kazi hiyo inazishinda karatasi maalumu wanazouza kule kwa bei ya mbuzi. Nilisema nitaliweka kabatini baadaye. Wenye kuwahi kuwa na msiba nyumbani wanajua hiyo "baadaye" ilivyo.

Alhamisi ilikuwa siku ya kuanua matanga. Watani wakaja.

Mtani wangu mkubwa ni Mama Pili, muuza khanga, Mzaramo wa Kisarawe. Alikuja Tabora na mume wa reli, mume akafa, yeye akabaki. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara hiyohiyo ninayoikusanya: wazee wetu walishuka pwani na mizigo, wazee wao wakawapokea kwa maji, ngumi na matusi mpaka wakaelewana. Msibani mtani ana haki yake. Atamwiga marehemu, atateka kitu cha wafiwa, atakaa nacho mpaka akombolewe kwa chochote. Mfiwa naye ana sharti moja tu. Hakasiriki.

Mama Pili alikuwa ameshatuvunja mbavu tangu asubuhi. Alijifunga koti la Baba mkubwa, akaketi kwenye kiti chake, akaletewa chai akaiangalia kwa jicho moja: "Hii chai, au maji ya kuoshea behewa?" Hata shangazi zangu waliokuwa wanalia walicheka huku machozi yanatiririka. Ndiyo kazi ya mtani.

Kisha akaingia chumbani kwangu kuchukua sinia. Akatoka bila sinia. Kichwani ana kifurushi cha khanga, hakishiki, anachechemea kama marehemu, anaimba:

"Leo Mzaramo ndiye mpagazi! Mzigo wa Mnyamwezi huu, nani anaukomboa?"

Ua mzima ukapasuka kwa kicheko. Mimi tu ndiye niliyejua kilichomo. Miaka kumi na moja inayumba juu ya kichwa cha mtu, hatua mbili kutoka kwenye sufuria ya pilau.

Nikapiga kelele. "Weka chini, mwehu wewe! Unajua thamani ya kitu hicho?"

Naandika maneno hayo kama nilivyoyasema.

Vijiko vikatulia kwenye masinia. Mama Pili akasimama. Akakishusha kifurushi taratibu, akakibana kwapani, akawageukia watu kwa sauti ya upole kabisa.

"Jamani, mtani wangu amekasirika. Basi huu mzigo si wa shilingi mia tena."

Akavaa kandambili zake akaondoka nao.

Rajabu akaja kuninong'oneza sikioni, "Umetuvua nguo mbele ya Wazaramo." Kumkasirikia mtani msibani ni jambo ambalo hata binti wa darasa la tatu hapa Tabora halifanyi. Na ukilifanya, bei inapangwa na yeye, si wewe. Huwezi kwenda polisi, huwezi kwenda kwa mjumbe, huwezi hata kulalamika kwa sauti. Ukilalamika unaongeza deni.

Ijumaa nilimtuma mpwa wangu Zena na kuku jike na kilo mbili za sukari. Zena akarudi mikono mitupu.

"Kuku amempokea," akasema. "Sukari pia ameipokea. Amekushukuru sana."

"Na gazeti?"

"Anasema aje mwenye hasira zake."

Sikwenda. Nilijiambia mimi ndiye niliyekosewa. Kitu changu kimetolewa chumbani kwangu, kwa nini niende kupiga magoti? Nilikuwa na hoja nzuri sana, nilizipanga moja baada ya nyingine, na Jumamosi nzima nikiwa nazipanga nilikata vioo viwili vibaya. Mimi. Fundi ambaye wateja wanatoka Nzega kunifuata.

Kilichokuwa kinaniuma zaidi sikutaka kukiandika, lakini ukurasa huu ni wangu. Nilikuwa namwazia Mama Pili kama wale wa ofisi ile. Nilikuwa namwona akifungia maandazi kwa ukurasa wa 200. Mwanamke ninayenunua kwake khanga tangu duka lake lilipokuwa meza moja.

Leo mchana wingu likaja kutoka upande wa Urambo, jeusi, na tone la kwanza likagonga bati. Nikakumbuka kwamba msimu uliopita Mama Pili alilalamika tangu Desemba mpaka Aprili kuhusu paa lake linalovuja. Hoja zangu zote nzuri zikakimbia. Nikachukua mwavuli na mfuko mkubwa wa nailoni ninaofungia vioo, nikatoka.

Anakaa nyuma ya duka. Niliingia nimelowa mpaka kiunoni. Wanawake watano wamekaa mkekani pamoja naye, wengi wao Wazaramo na Wakwere, na Mnyamwezi mmoja msaliti, jirani yangu kabisa, ambaye hakuthubutu kunitazama. Maji yalikuwa yanadondokea kwenye beseni mbili pembeni. Na gazeti lilikuwa juu ya marobota ya khanga, yale ya juu kabisa, upande wa ukuta mkavu, limefungwa vilevile. Muuza vitambaa hahitaji kufundishwa wapi panavuja.

"Mwangaluka, mpagazi!" Mama Pili akaniita.

Ilikuwa saa tisa alasiri, na mwangaluka ni salamu ya asubuhi. Nikaimeza.

"Shikamoo, Mama Pili."

"Marahaba. Eh! Leo umekuja na adabu. Hebu sogeeni, mfiwa akae." Akanimiminia chai. "Kuku wako tulimla. Alikuwa mgumu kama wewe. Sukari ndiyo hii unainywa. Sasa fidia bado."

"Sema unachotaka."

"Nataka kujua nimeteka nini. Maana nimegeuza kurasa zote, sikuona hata bei ya mahindi."

Amegeuza kurasa zote! Nilishika kikombe kwa mikono miwili ili nisipige kelele tena. Akalishusha mwenyewe, akakunjua khanga, akaniwekea mapajani. Nikaona kona ya ukurasa wa 205 imekunjika. Pembeni ya 201, nje ya picha, doa la mafuta lenye ukubwa wa punje ya hindi.

Nikalitazama doa. Nikawatazama wanawake sita wananisubiri.

Nikaanza kusoma.

Nilisoma maneno yaliyoandikwa chini ya picha moja baada ya nyingine, kwa tafsiri ya Kiswahili niliyoifanya mwenyewe nikiwa peke yangu nyuma ya kabati lenye kufuli mbili. Nikawaonyesha minazi ya uongo. Nikawaonyesha tembe ambalo fundi amelichonga madirisha ya vioo. Nilipofika katikati nikalifungua lote, 200 na 201, nikalishika pande zote mbili ili mshono usichoke, na wakasogea mpaka pumzi zao nikazihisi shingoni.

"Na huyu aliyelala kando ya njia, kabwaga mzigo?" akauliza mmoja.

"Mnyamwezi huyo," akasema Mama Pili bila kufikiri. "Kulala ndiyo kazi yenu."

"Siye," nikasema. "Huyo ni Mzaramo, amekodiwa Bagamoyo. Njia imemlemea, hata Kwihara hapo jirani hajafika."

Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai, mbali na gazeti, namshukuru Mungu. Mama Pili akanipiga begani kwa nguvu. Nikajua hapo kwamba hasira yangu ya Alhamisi imeshasamehewa, na kwamba iliyobaki ni biashara.

Jirani yangu msaliti akauliza chini pameandikwa nini. Nikamwambia: wameandika jina la mtu mmoja, msafiri mwenyewe, yule aliyechongwa mdogo kama kuku kule nyuma, juu ya punda.

"Na hawa wengine?"

"Hawakuandikwa. Wako hamsini na sita."

Mama Pili akavaa miwani yake. Akainama juu ya picha kwa muda mrefu, kidole chake kinatembea hewani bila kugusa karatasi, hilo nililiona na nililithamini. Kidole kikasimama juu ya mbeba pembe wa nne.

"Huyu ni Maulidi," akasema. "Mwangalie goti."

Na kweli. Yule mbeba pembe ameukunja mguu wa kulia kwa namna ileile Baba mkubwa alivyokuwa akiukunja akishuka ngazi za stesheni. Kisha mmoja akasema yule anayefuata, mwenye kidevu, ni shehe wetu kabla hajapata kazi. Mwingine akasema wale wawili wanaosukumana ni Rajabu na yule fundi baiskeli anayegombana naye kila mwaka. Hapo hapakuwa tena na utulivu. Walitaja majina kama watu wanaogawa nyama. Wazaramo walitoa mabaya kwa Wanyamwezi, mimi na yule msaliti, ambaye sasa alikuwa amekumbuka kabila lake, tukayarudisha kwa Wazaramo na riba. Yule mwanamke mwenye sufuria kichwani wakampa jina langu. Nikauliza kwa nini.

"Tazama alivyoishika," Mama Pili akasema. "Hataki mtu aguse."

Sikukasirika. Naapa sikukasirika. Nilicheka na moyoni nikachomeka, vyote kwa pamoja, na nadhani ndivyo utani unavyotakiwa kufanya kazi.

Mvua ilipopungua nikahesabu. Ishirini na tatu wamepata majina. Mama Pili akauliza wamebaki wangapi. Thelathini na tatu, nikamwambia.

"Basi hiyo ndiyo fidia. Arobaini ya mzee, uani kwako, unatoa hili na mengine yote. Yote, Tatu. Nasikia ni kabati zima. Tutawamaliza."

Sitini na matatu. Ningeweza kukataa, nikabaki Mnyamwezi aliyekasirika msibani na kukataa fidia, na hapa mjini hiyo ni sifa inayorithiwa na wajukuu. Lakini nasema ukweli wangu: sikutaka kukataa. Nilichotaka ni masharti. Tukaketi kuyapanga kama watu wa soko. Nikasema hakuna chai karibu na meza. Akasema na halua? Nikasema halua hasa. Akataka watoto waruhusiwe, nikaruhusu wenye mikono mikavu. Nikasema jua likipanda tunafunga, kwa sababu mwanga unaua karatasi. Akasema jua likipanda tunahamia barazani kwenye kivuli, kwani wewe umekuwa popo? Hapo alinishinda. Tukapeana mikono.

Akanifungia gazeti kwa khanga mpya kabisa ya dukani, zawadi, hakukubali niikatae. Nikaipokea kwa mikono miwili, nikalitia lote kwenye mfuko wangu wa nailoni, na nilipofika nyumbani kitu cha kwanza nimeivua hiyo khanga. Imejaa wanga. Nitaifua mara thelathini, kisha itapata kazi.

Doa nimelinyunyizia unga wa chaki, nikaweka karatasi laini juu yake na kipande cha kioo kizito juu ya karatasi. Mafuta mengi yatatoka. Yatakayobaki yatabaki. Kona ya 205 nimeinyoosha kwa mfupa ninaokunjia kadi za fremu. Nimehesabu kurasa kutoka 193 hadi 208, mbele na nyuma. Zote zipo.

Rajabu amepiga simu kuuliza kama mambo yameisha. Nimemwambia fidia ni matoleo yote sitini na matatu, uani, mbele ya watu, siku ya arobaini.

"Umepigwa," akasema.

Baadaye kidogo akapiga tena. Anauliza kama ni kweli wamemweka yeye kwenye picha, na kama amebeba pembe au amebeba vitambaa. Nimemwambia aje aone. Ni mara ya kwanza kaka yangu kuomba kuona makaratasi.

Nimekaa sasa mbele ya kabati, milango yote miwili iko wazi. Miaka yote hii watu waliowahi kuyaona hawafiki kumi, na nilikuwa nahesabu hilo kama ulinzi. Niliyakusanya peke yangu, bila cheti, bila mfadhili, kwa hesabu na kwa ukaidi, na ni mkusanyo mzuri kuliko nilivyowahi kumwambia mtu yeyote. Leo nimeusoma kwa sauti ndani ya chumba kinachovuja na sijawahi kujivunia kitu maishani mwangu kama nilivyojivunia sauti yangu ikisema "ukurasa wa mia mbili".

Kazi ipo. Kila toleo litafunguliwa kwenye picha yake bora na kufunikwa na kioo, ili watu waone bila kugusa. Vioo ninavyo. Meza nitaazima msikitini. Ndoo ya maji, sabuni na taulo vitakaa mlangoni, na atakayepita bila kunawa nitamrudisha, awe mtani, awe shehe.

Kuna jambo moja Mama Pili hajalijua. Kirangozi, yule wa mbele mwenye manyoya, tulimwacha bila jina. Kila mtu alimwacha makusudi, maana kila mtu anamtaka. Najua Wazaramo watakuja siku hiyo na mtu wao tayari. Nami wangu ninaye, ni Mnyamwezi, na sababu tano za kwa nini ni yeye tayari nimeshazipanga.

Kukicha naanza kupima vioo.